Barua Tatu Kuhusu Baba

Babu alipofariki, nilikuwa nauza vitenge Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, na nilidhani mambo ya uchifu yamebaki kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwetu Mbozi: babu amevaa suti, na juu ya suti ngozi ya chui. Serikali iliondoa mamlaka ya machifu kabla sijazaliwa. Lakini watu waliendelea kumwita Mwene, yaani chifu. Diwani akija alichuchumaa kumsalimia kama wengine, na ugomvi wa mipaka ya mashamba ulipita kwake kwanza.

Baba, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyetarajiwa kurithi. Matanga hayajaisha, barua ya kwanza ikakutwa imesukumwa chini ya mlango wa mzee mkuu wa ukoo. Iliandikwa kwa herufi kubwa, bila jina, na ilisema baba si damu ya Mwene. Wiki iliyofuata ikaja ya pili. Wazee wakaahirisha kumsimika.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilifunga duka siku za Jumamosi nikapanda kwenda nyumbani, nikakaa kando ya vichanja vya kuanikia kahawa nikichambua punje mbovu huku nikiwachunguza ndugu zangu mmoja mmoja. Nani alicheka sana? Nani aliondoka mapema? Mama alinikanya, akasema nitaugua kwa kuwaza. Sikumsikia. Moyoni nilishamhukumu baba mdogo. Yeye ndiye angerithi baba akiondolewa, na tangu msiba alikuwa na tabia ya kunyamaza nikiingia.

Barua ya tatu nilisomewa na mzee mkuu mwenyewe. Ilisema bibi alivuka mpaka kuja kuolewa akiwa tayari na mimba ya mtu wa Isoka, huko ng'ambo alikotoka, na kwamba siku ya kufa kwake alilitaja jina la mtu huyo. Jina lenyewe lilikuwa limeandikwa pale.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi kwa baba mdogo. Nilimkuta anapogolea mibuni. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake: kwamba amemvua nguo mama yake kaburini kwa ajili ya ngozi ya chui. Hakukasirika. Aliweka mkasi chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Siku mama anakufa nilikuwa Galula, machimboni," alisema. "Nilifika ameshaoshwa. Hebu fikiri vizuri, mwanangu. Chumbani alikuwa nani?"

Nilifikiri. Baba alikuwa amekwenda kumfuata mchungaji. Mimi nilikuwa shule. Aliyebaki kumshika bibi mkono, na ambaye miaka yote alitusimulia jinsi alivyomfumba macho, ni mama.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kwa sababu baba alikuwa uani. Hakukana. Aliendelea kuchambua mpaka maharage ya ungoni yakaisha, ndipo akaniambia kwamba wazee walikuja kabla ya arobaini ya babu kupanga usimikwaji. Yeye aliwapelekea chai. Wakamweleza, kama mtu anayeelezwa habari ya mvua, kwamba Mwene hakai na mke mmoja, na kwamba binti wa kuletwa ameshapatikana kule Ibaba.

"Baba yako alikuwapo," mama alisema. "Alikunywa chai yake. Hakusema kitu."

Nikamuuliza kama yale ya bibi ni kweli.

"Alisema mwenyewe. Sikuongeza neno."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, nikataka kumhurumia nikashindwa pia. Ndoa yao ilifungwa kanisani, na miaka thelathini yeye ndiye aliyeendesha shamba lile. Lakini alikuwa amemnyang'anya mumewe baba aliyemjua maisha yote, na mume mwenyewe hakujua mkono uliofanya hivyo.

Wazee walimsimika baba mdogo. Nilikwenda kumwomba radhi, nikachuchumaa, safari hii kama kwa Mwene. Alisema aliuhisi mkono wa mama yangu tangu barua ya pili, akanyamaza kwa kuwa hakuona kusema kungemsaidia nani. Aliniomba na mimi ninyamaze.

Nimenyamaza. Ila nikiwa na baba na mama mezani, kila mmoja anapoinua kikombe, mimi huwa natafuta sababu ya kutoka nje.

Baba hakugombana na mtu. Alikonda kidogo, akarudi kwenye kahawa yake. Mwezi uliopita alinipigia simu dukani, akaniuliza kama wateja wangu wa upande wa pili wanaifahamu Isoka. Alisema anataka nimpeleke, akaone tu kama ukoo wa mtu yule bado upo. Nilimuuliza kama mama anajua.

"Anajua," alisema. "Yuko hapa, ananipigia pasi shati."

Tunavuka Alhamisi.