Mochizuki na Nusu Saa ya Gundi

Katsuji Mochizuki, mpeleka barua wa Shizuoka, alijaliwa kila kitu isipokuwa utulivu. Miaka thelathini na moja juu ya pikipiki nyekundu ya posta ilimzoesha kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, hata mezani akawa hali bakuli moja la wali bila kuinuka mara tatu: mara mchuzi wa soya, mara dirisha, mara hajui mwenyewe kilichomwinua. Mkewe, Fusae, alizoea kusema ameolewa na upepo, tena upepo unaokoroma.

Sasa mtu kama huyo na vifaru vya kivita vya plastiki, vile vidogo vya kuunda, kazi ya kibano na kubana pumzi, wapi na wapi? Lakini alivipenda, na kuunda alijua. Tatizo lake lilikuwa kuvisimamisha juu ya kibao. Chama cha waundaji wenzake kina desturi moja ya kikatili: kabla ya maonyesho ya Mei, mwenyekiti Nagasawa hushika kibao cha kila mwanachama, kifaru kikiwa juu yake, hukipindua kichwa chini miguu juu, kisha huhesabu hadi kumi. Kifaru kisipodondoka, kinapata nafasi mezani. Mwaka jana cha Mochizuki kilidondoka Nagasawa akiwa kwenye tatu, kikazama ndani ya chai ya mwenyekiti mwenyewe. Tangu siku hiyo wakamwita Nahodha wa Nyambizi. Na anayedondosha mara mbili mfululizo hukaa miaka mitatu bila meza.

Kwa hiyo safari hii alijipanga. Alitandaza udongo kwenye kibao, akafunika kifaru kwa nailoni ya jikoni, akakikandamiza mpaka minyororo ikaacha alama tamu kweli kweli. Chini ya kibao akapitisha bolti hadi kwenye nati aliyoibandika tumboni mwa kifaru. Kikashika kama jino la mbwa.

Angeishia hapo angekuwa mfalme. Lakini kila akipita, mkono ulimwasha. Akienda chooni, anakaza kidogo. Akirudi, kidogo tena. Ijumaa saa nne asubuhi, saa moja kabla Nagasawa hajamfuata na gari waende chamani, bolti ililia ka!

"Nini hicho?" Fusae aliuliza kutoka jikoni.

"Hamna kitu."

"Hamna kitu ndiyo inalia hivyo? Umekaza tena?"

"Kidogo tu, Mama Chinatsu."

"Kidogo chako nakijua. Ndicho kilichong'oa bomba la bafuni."

Tumbo la kifaru lilikuwa limepasuka, nati inazunguka ovyo ndani. Mochizuki alizunguka chumba mara nne, kisha akili ikamrudi. Alikata vipande vinne vya waya wa chuma, akatoboa chini ya magurudumu manne kwa keekee ya mkono, nyembamba kama sindano, akachomeka waya kutoka udongoni hadi ndani ya gurudumu, akachanganya gundi ya chupa mbili. Gundi hiyo inataka nusu saa bila kutikisika. Tena lazima kifaru kikandamizwe muda wote, magurudumu yaume matope. Kikiinuka unene wa karatasi tu, kitaonekana kinaelea, na chombo cha tani thelathini hakielei. Kukibana kwa koleo kungevunja vifuniko vyake vya juu. Vilibaki vidole.

Akapiga magoti kwenye mkeka, akakalia visigino, akakandamiza. Dakika ya sita pua ikamwasha. Fusae akamkuna kwa kijiti cha kulia. Dakika ya kumi na moja pikipiki ya posta ikasimama nje, naye kwa sauti ya kifuniko tu akajua barua yao imeingia sanduku la jirani.

"Siyo hapo!" alipiga kelele, vidole vikiwa palepale. "Hilo sanduku la kina Ozawa, nyumba ya pili!"

Dakika ya ishirini mlango ukafunguliwa.

"Nahodha!" Nagasawa alivua viatu. "Tunazama saa ngapi?"

"Usinisogelee, mwenyekiti."

"Inuka basi unisalimie. Siku hizi mgeni anasalimiwa kwa kisogo?"

"Dakika kumi."

"Wewe? Kumi? Shemeji Fusae, mmemfunga kamba?"

Nagasawa akakaa mbele yake, akala biskuti za mchele moja baada ya moja, akiziponda kwa makusudi. Akasema mvua inanyeshea nguo kambani. Akasema pikipiki ya Mochizuki inavuja mafuta. Jasho lilimtiririka mpeleka barua, lakini vidole, wallahi, havikucheza.

Nusu saa ilipotimia, Nagasawa alikipindua kibao palepale sebuleni. Alihesabu polepole kama mtu anayevuta muda, na kati ya saba na nane akanywa chai. Kumi. Akatikisa mara mbili, jambo ambalo halimo kwenye kanuni. Punje za udongo zilimwagika mkekani. Kifaru kimya.

Akakigeuza, akainama mpaka pua ikakaribia minyororo, akachungulia gurudumu moja moja.

"Kina uzito," alisema hatimaye, bila kucheka. "Kibebe twende."

"Kibebe wewe."

"Kwa nini?"

"Miguu siisikii tena," alisema Mochizuki, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Fusae alimwona mumewe ameketi, anataka kuinuka, na hawezi.