Vumbi Nililolifuta

Mwaka huo tulikuwa tunachimba mitaro ya mabomba ya maji kando ya barabara ya Malava, na mimi ndiye niliyekuwa fundi. Mashine yetu ilikuwa eksaveta ndogo ya silinda tatu, inayopita kati ya kibanda na mlingoti wa stima bila kugusa kitu. Aliyeiendesha alikuwa mama mmoja wa Likuyani, mke wa mkulima wa mahindi. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Aliweza kufukua udongo juu ya bomba la zamani asiache hata alama.

Injini za mashine ndogo kama ile zina tabu moja: zinakaa karibu na ardhi, na zinavuta hewa katika vumbi zinalolitimua zenyewe. Ndiyo maana waliozibuni waliziwekea filta mbili za hewa. Ya nje ni kubwa, hiyo inashika vumbi. Ya ndani ni nyembamba, inalinda injini endapo ile ya nje itapasuka au haitakaa sawasawa. Haya niliyajua. Nilikuwa hata nikiwafundisha wengine.

Wakati wa kiangazi filta ya ndani iliziba na mashine ikapungukiwa nguvu. Dukani mjini waliniambia nisubiri wiki moja waniletee nyingine. Mwenye mashine alikuwa akipiga simu kutwa. Nikaitoa ile ya ndani, nikafunga ya nje peke yake, tena ya kuazima, isiyo ya mashine ile hasa. Mdomo wake ulilegea kidogo. Nikajiambia nitarekebisha mzigo ukifika. Mzigo ulifika, sikwenda kuuchukua. Mashine ilikuwa imepata nguvu tena na nilikuwa nimeshasifiwa.

Baada ya majuma kadhaa yule mama akaniita.

"Fundi, hii mashine inakunywanga oili siku hizi. Kila asubuhi naongeza."

"Injini zote zinakula oili."

"Na nikifungua kifuniko cha oili, inapumua. Moshi unatokea pale."

"Mama, wewe endesha. Injini niachie mimi."

Nilisema hivyo mbele ya vibarua, wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Aliniambia tena wiki iliyofuata. Safari hiyo sikuinua hata kichwa.

Injini ikafa Jumanne moja adhuhuri, mtaro ukiwa wazi mbele ya lango la zahanati. Mwenye mashine alikuja haraka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, na mashine ile ndiyo ilikuwa tegemeo lake. Akauliza kumetokea nini.

"Ameiendesha bila oili," nikasema, kabla mama hajafungua mdomo.

"Mimi nilimwambia fundi," mama akasema. "Nilimwambia mara mbili."

Mzee akanigeukia. "Alikuambia?"

"Hakuniambia kitu."

Mama akanitazama, sikuweza kumtazama. Akatoa leso aliyokuwa akiikalia kwenye kiti, akaikung'uta, akaenda zake barabarani kutafuta gari la kwenda kwao. Hakurudi kazini.

Kesho yake nilifungua injini. Silinda zilikuwa zimekwaruzika juu mpaka chini na ringi zimelika kabisa, lakini beringi zilikuwa nzima. Injini iliyokosa oili haiachi beringi nzima. Nikaingiza kidole kwenye bomba la hewa, ng'ambo ya filta, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na uchafu wowote. Kikatoka chekundu kwa vumbi.

Hapo nikasikia gari la mwalimu likiingia gereji. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha dizeli, nikalifuta lile bomba mpaka likang'aa. Uongo wa zahanati ulinitoka kwa hofu. Huu niliufanya kwa mikono yangu, taratibu, nikihakikisha sijaacha pembe.

Nilifunga injini nyingine, nikaweka filta zote mbili, na mwalimu akanishukuru. Nilikaa hivyo hadi mavuno. Ndipo mkandarasi mmoja wa Ekero akaniuliza, "Kuna mama wa Likuyani ameniomba kazi. Nasikia ndiye aliyeua injini Malava. Ni kweli?"

Nikanyamaza. Akachukua ukimya wangu kuwa jibu. Niliporudi nyumbani mke wangu alinipakulia ugali wetu wa obusuma na mboga, nikavifunika nikaenda kulala.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote, hadi kile kitambaa.

"Ungeniambia siku ile ningekukasirikia wiki moja," akasema. "Sasa sijui nikufanye nini. Nenda kwanza kwa yule mama."

Nilimkuta Likuyani akipukuchua mahindi uani. Nilisema nilichokwenda kusema. Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Niliiona ile filta ndogo juu ya pipa. Nilidhani utairudisha." Kisha akainuka. "Njoo useme hayo mbele ya mama mkwe. Yeye huniambia kila siku kwamba niliharibu mali ya watu kwa kupenda kazi ya wanaume."

Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Nilivua kofia, nikarudia yote nikiwa nimesimama.

"Kwa hivyo ulijua si yeye?"

"Nilijua, mama."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Alimtazama mkaza mwanawe, akasogea kumpisha kwenye benchi. Mimi hakuniambia nikae.

Mwalimu alimwita yule mama arudi kwenye mashine, akakataa. Sasa anaendesha trekta la wakulima wa huko. Mkandarasi wa Ekero nilimweleza pia, kwa simu, naye akasema ameshaajiri mtu mwingine. Mwalimu alitafuta fundi mwingine, na kila tukikutana sokoni hunisalimia kwa upole uleule wa zamani. Mimi humwitikia, nikapita.