Majina ya Mawe ya Mabale

Harufu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni naijua hata nikifumba macho. Nyumba yetu ya Ijumbi haikuwa na saruji. Tulitandika nyasi, na zikichakaa, sisi wasichana tulipanda rweya, ule uwanda wa majani ulio juu ya migomba, kukata nyingine. Tulikuwa wanne: mimi, Kemilembe, Adera na Yusta binti wa Mzee Rwegoshora. Rweya ilipoishia ndipo mlima wa Mabale ulipoanza, na mawe yake sijaona mfano wake: jiwe kubwa kama nyumba limekalia jiwe dogo kama kinu, mengine yamesimama wima kama watu wanaosubiri kugawiwa nyama. Sisi tuliishia chini tu. Mzigo kichwani, nyumbani.

Nilipokuwa darasa la tatu, Mwalimu Elieza alitangaza kwamba wiki moja kabla ya Krismasi darasa zima tutapanda Mabale hadi jiwe la juu kabisa. Nilikimbia njia nzima kumwambia baba. Alikuwa anatafuna kahawa, hakuinua hata uso. "Krismasi wageni wanakuja. Nyasi atakata nani, mwalimu wako?" Kaka yangu Joeli, tuliyesoma naye darasa moja, akacheka: "Koku, kaa na mundu wako. Nikirudi nitakusimulia." Hilo la kusimuliwa ndilo lililoniuma. Nikapiga magoti. "Waitu Tata, baba yangu, nyumba ikijaa nyasi kabla ya siku hiyo, nitakwenda?" Akatema ganda la kahawa. "Ijae kwanza."

Basi nikapanga. Badala ya mzigo mmoja kwa siku, miwili, na wenzangu wakanisaidia. Lakini akina mama wote walikuwa wanakata za Krismasi, nyasi za karibu zikaisha, ikabidi tupande katikati ya mawe. Kule ukungu wa ziwani ukishuka humwoni hata aliye hatua tano. Ili tusipotezane, kila jiwe tulilipa jina la mtu linayefanana naye, na mtu akipotea anaita, "Niko kwa Mama Mchungaji!" Huyo alikuwa mrefu, ana kofia. Mawili yaliyopeana mgongo tuliyaita Wakewenza. Lenye tumbo tuliliita Mzee Rwegoshora, Yusta akanuna kutwa nzima. Siku moja kabla ya safari, baba aliingia ndani, mguu ukazama kwenye nyasi hadi kifundoni. Kisha akamwambia mama, "Na huyu mfungie ndizi zake."

Siku ya safari, tulipofika katikati ya mlima, ukungu ukashuka. Mwalimu akasimama, akasema tugeuke, hatari. Joeli yule wa kunisimulia alikuwa ameshika gauni langu. Nikanyoosha mkono, nikapapasa tumbo la jiwe. "Mwalimu, huyu ni Mzee Rwegoshora. Wakewenza wako kushoto, halafu Mama Mchungaji, halafu juu."

"Wewe umejuaje?"

"Nimekata nyasi hapa, Mwalimu."

"Basi tangulia."

Nikatangulia. Darasa zima nyuma yangu, wavulana wameshikana mashati. Tulipofika jiwe la juu ukungu ukapasuka, ziwa likajitokeza lote chini yetu, na mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Wakati wa kushuka Joeli akaninong'oneza, "Usimwambie Tata kwamba nilikushika gauni." Nilimwambia jioni ileile.

Shule niliiachia darasa la nne. Mabale sasa ni hifadhi, ina geti, ina mishale ya rangi ya kuonyesha njia. Juzijuzi mjukuu wangu Alinda, ameketi hapa kwangu Bukoba, alikuwa anapanga na wenzake kwenye simu safari ya huko. "Bibi, wewe utatusubiri getini. Tutakuletea picha." Nikamwangalia, nikamwona Joeli yuleyule. Sikubishana. Wiki tatu hizi kila asubuhi nimekwenda sokoni kwa miguu na kurudi nikipanda kilima chake. Jana nikamwambia anisindikize. Alirudi anahema, mimi nikawasha jiko. Jina langu ameliandika la kwanza kwenye orodha.

Wana mengi watoto hawa ambayo sisi hatukuwa nayo. Ila sakafu zao ni za vigae, kama yangu siku hizi, na asiyekata nyasi hawezi kumjua Mzee Rwegoshora. Jumamosi nitawatambulisha.