Sifuri za Nesi Skola

Nilitumwa Kilombero kwa sababu ya sifuri. Idara yetu ilikuwa inapanga upya watumishi wa afya, na mimi nilikabidhiwa kutengeneza orodha ya zahanati zenye wagonjwa wachache, ili wauguzi wake wahamishiwe kwenye zahanati zenye misongamano. Zahanati moja ng'ambo ya mto ilikuwa na sifuri siku baada ya siku, kuanzia Februari hadi Mei, mara mojamoja mgonjwa mmoja au wawili. Niliiweka ya kwanza. Mkuu wangu akasema nikaione kwa macho kabla hajasaini barua ya uhamisho. Mimi ni mtu wa majedwali, na mgongo wangu haupendi mabasi, kwa hiyo nilikwenda kwa shingo upande.

Saa nne asubuhi basi liliacha barabara kuu pale Mikumi. Mchana tulisimama Mang'ula, milima ya Udzungwa ikiwa kuliani na vichwa vyake ndani ya mawingu. Nilinunua ndizi dirishani, nikala nikisoma jedwali langu.

Ifakara tulifika alasiri. Nilipata chumba Kibaoni, mtaa wenye baiskeli nyingi kuliko watu wa kuzipanda. Mwenye nyumba alinipakulia wali na samaki wa kitoga, akauliza nimefuata nini. Nilipomtajia kijiji, alisema msimu huu nitakuta makufuli tu, kwani watu wamehamia mashambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Nilimshukuru kwa chakula. Maneno yake sikuyaandika.

Kesho yake asubuhi bodaboda ilinivusha darajani. Kijijini nyumba nyingi kweli zilikuwa zimefungwa. Zahanati ilikuwa wazi, sakafu imefagiliwa, na mhudumu, mama mmoja mtu mzima, alinisogezea kiti.

"Karibu, baba. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Rasimu ya barua ilikuwa begini mwangu. Nikamuuliza nesi yuko wapi. Akanijibu kwamba Nesi Skolastika yuko mashambani na atalala hukohuko. Katika daftari langu niliandika: hayupo kazini.

Mchana mvuvi mmoja alinipeleka kwa mtumbwi, katikati ya mpunga uliosimama majini. Watu wanaishi humo miezi mingi, kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Chini ya dungu moja kulikuwa na foleni. Mwanamke wa makamo, gauni limekunjwa hadi magotini, miguu ina matope, alikuwa anampima mtoto malaria. Kando yake kulikuwa na kiboksi cha baridi cha chanjo. Nilijitambulisha.

"Shikamoo, baba," alisema Nesi Skola bila kuacha kazi. "Ungepiga simu ningekuelekeza njia kavu."

Nilisubiri foleni ipungue, nikamuuliza kwa nini watu wote hawa hawamo katika rejista. Akatoa daftari la shule kwenye mfuko wa nailoni. Kila mgonjwa alikuwemo: jina, shamba la nani, ugonjwa, dawa, tarehe ya kurudi. Katika kurasa mbili tu walikuwa wengi kuliko wale wa mwezi mzima niliokuwa nao mimi.

"Rejista hairuhusiwi kutoka zahanati, tangu moja ilipolowa mtoni," alisema. "Na ile ni ya waliofika. Hawa hawakufika pale, baba, mimi ndiye niliyewafuata. Nikiandika wamefika, si nitakuwa nimeidanganya serikali?"

Nikamweleza kuhusu orodha. Nilimweleza yote, hata kwamba niliitengeneza mimi. Akafunga kiboksi chake. Mama mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa amemleta mwanawe kutoka kambi ya ng'ombe, aliuliza amrudishe lini kwa chanjo ya pili.

"Baada ya wiki nne," Nesi Skola alimjibu. Kisha akanigeukia. "Au nimwambieje, baba?"

Niliona aibu, na siwezi kuisema kwa namna nyingine. Nilimwomba daftari niondoke nalo, akakataa, maana kesho yake alilihitaji. Basi nikapanda kwenye dungu, nikakaa juu ya mkeka, nikanakili kwa mkono hadi jua lilipozama. Neno lile, hayupo kazini, nililikata kwa mistari miwili.

Safari ya kurudi ilikuwa ileile: daraja, Kibaoni, Mang'ula, Mikumi. Safari hii jedwali lilibaki begini.

Ofisini mkuu wangu alisoma kurasa zangu polepole, akaichana rasimu. Nesi Skola atabaki. Nilichojifunza ni kidogo: sifuri nayo huandikwa na mtu, na wakati mwingine ni mtu mwaminifu kupita kiasi. Nilidhani tumemaliza. Lakini orodha ilitakiwa kuwa na zahanati kumi na mbili, na sasa zilikuwa kumi na moja. Mkuu akafuatisha jedwali kwa kalamu, akasimama kwenye ile ya kumi na tatu, nayo ya bondeni, nayo ina sifuri nyingi kuanzia Februari hadi Mei.

"Na huyu muuguzi wa hapa, yeye hana kazi?"

Nikamwambia sijui, kwa sababu huko sijafika.