Pijo Nyuma ya Landrova

Harufu ya grisi ikinipata, narudi kwenye kona za kupanda Soni kutoka Mombo. Baba alikuwa na Landrova kuukuu. Kila Jumamosi aliifungua mwenyewe na kuifunga, nati mbili zikabaki mkononi, na bado ikawaka. Mdogo wake alikuwa na Pijo. Hiyo iliguswa na fundi mmoja tu, na plagi zake zilifuatwa Tanga.

Siku hiyo nilipanda Pijo. Mbele yetu Landrova ilijikongoja kwa gia ya pili, moshi ukituingia madirishani.

"Baba mdogo, tuipite," nilisema.

"Gari inaweza," akajibu. "Mimi siwezi. Yule ni kaka yangu."

Tulipofika Soni, baba alishuka akifuta mikono kwa tambara. "Umeona? Pijo yako haiwezi mlima."

"Kweli, kaka. Haiwezi," baba mdogo alisema, akafungua boneti na kuinamia injini isiyokuwa na tatizo lolote.

Landrova bado iko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Juzi, tukiipaka grisi, baba aliniuliza kama Pijo ya marehemu iliwahi kumpita.

"Hata mara moja," nilimwambia.

Akaendelea kupaka.