Bastola Iliyopenda Viatu

Shemeji yangu ananunua dhahabu kule Macalder, na kwa sababu hiyo serikali ilimruhusu kuwa na bastola, ile ya kizamani yenye tumbo linalozunguka na risasi sita ndani. Ameivaa kiunoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kanisani anaivaa. Matangani anaivaa, na akiinama kutoa mchango watu wanahamisha viti. Hajawahi kumpiga mtu nayo, na sababu si upole. Bastola ile ilikuwa inapiga chini. Ukilenga kifua, unapiga viatu.

Jioni moja mwizi aliingia kwake, naye akamlenga vizuri kabisa, akaua beseni la dagaa wa omena lililokuwa chini karibu na mguu wa mwizi. Yule mtu alikimbia, lakini alikimbia akicheka. Tulimsikia mpaka barabarani.

Baada ya hapo shemeji alijitengenezea dawa yake. Akitaka kupiga kifua, analenga juu ya kofia. Aliniambia bastola ni kama mke, unamzoea tu. Nikamwuliza mke yupi, maana wawili walishamzoea wakaondoka.

Halafu kibali chake kikaisha. Safari hii akaambiwa aende Homa Bay apige karatasi ya shabaha mbele ya afisa. Risasi nyingi zikikosa, bastola inabaki huko huko. Hapo ndipo nilipomwona akiogopa. Hakuogopa wezi, aliogopa kutembea sokoni na kiuno kitupu. Alisema ataonekana kama mwalimu mstaafu.

Sasa wacha nimtaje mjukuu wangu. Msichana huyu nimemlea mimi bibi yake, Dani kwa Kijaluo, kwa ugali na samaki wa Karungu, na leo ni fundi wa bunduki, mwenye cheti na koti la bluu lenye mifuko mingi. Wajukuu wa wenzangu ni wauguzi na makarani. Sina neno nao. Wangu anafanya kazi kwenye karakana yenye kibali, Homa Bay, na nyuma ya karakana kuna ukuta wa udongo wa kupigia shabaha. Nikamwambia shemeji twende, siku moja kabla ya mtihani wake.

Mjukuu alipiga risasi chache, akatazama matundu yote yamekaa chini, akasema kosa ni kile kichuma kidogo kilichosimama mbele, juu ya mdomo wa bastola. Ni kirefu mno. Atakitoa aweke kifupi.

Kitu kinachopiga chini unakiinua, hata mtoto anajua. Shemeji akaruka kutoka kwenye kiti akauliza inakuwaje risasi inakwenda chini na bado huyu anataka kupunguza. Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo, lakini alikuwa anambishia mjukuu wangu, kwa hiyo nikamwambia akae, na kama anajua zaidi avae yeye koti. Nikatoka nje nikamweleza muuza mihogo kwamba duniani kote bastola zinazopiga chini zinapunguzwa mbele. Sikuamini hata neno moja.

Niliporudi ndani nikamnong'oneza mjukuu, "Nyakwara, una hakika?"

"Dani, kwenye picha ya harusi ya shangazi ulisimama nyuma, ukawa huonekani. Walifanya nini?"

"Waliniinua juu ya kreti ya soda."

"Basi. Kichuma kikiwa kifupi, jicho halikioni kwenye mfereji wa kulengea ulio nyuma ya bastola mpaka uinue mdomo wa bastola. Mdomo ukiinuka, risasi inapanda."

"Kwa hiyo mimi ndiye kichuma."

"Wewe ndiye kichuma, Dani."

Akakibadilisha. Alipopiga, tundu likaja katikati kabisa. Kile kichuma kirefu akanipa mimi, nikakifunga kwenye pindo la leso.

Kisha shemeji akapiga. Risasi ikapita juu ya karatasi, ikaingia kwenye udongo. Ya pili vilevile. Bastola ilikuwa imepona, lakini mkono wake ulikuwa bado unameza dawa. Mjukuu alimwambia alenge pale anapotaka kupiga. Alikubali kwa heshima, na mkono ukapanda wenyewe.

"Nirudishie ugonjwa wangu," akasema.

Mjukuu akakataa. Hawezi kutia sahihi kwenye bastola inayopiga miguu. Wote wawili wakanigeukia, huyu shemeji, huyu mjukuu, na mimi nimeshika fundo la leso kama nimeshika kuku.

Nikamwambia shemeji, "Yuora, mkono wako unapenda kupanda. Basi lenga viatu."

Siku ya mtihani sisi jamaa tuliketishwa kwenye benchi na kukatazwa kusema. Karatasi ilikuwa na picha ya mtu aliyekatwa kiunoni. Shemeji alimlalamikia afisa kwamba huyu hana miguu. Afisa akamwambia si yeye aliyemkata. Risasi ya kwanza ikapita juu. Afisa akaandika kitu. Shemeji akageuka kunitazama, na uso ule nilikuwa sijauona tangu tulipomzika kaka yake, mume wangu.

Kusema nimekatazwa. Nikavua kiatu, nikakipakata mapajani, nikaanza kukipangusa kwa leso, polepole. Afisa aliniuliza kama niko sawa. Nikasema miguu inavimba.

Shemeji akageuka. Akatazama nyasi chini ya yule mtu, pale ambapo viatu vyake vingekuwa kama angekuwa navyo, akalenga hapo. Mkono ukapanda kama kawaida yake, na risasi ikaingia kifuani. Zilizobaki zikaifuata.

Afisa alitia muhuri, akamwuliza kwa nini analenga huku ameinamisha macho.

"Ni heshima," shemeji akasema.

Tulipofika Rodi Kopany aliniomba kile kichuma, eti akae nacho tu. Nikakataa. Kiko kwangu, na mgeni akija namfungulia leso aone kitu ambacho mjukuu wangu amekitoa kwenye bastola. Shemeji anatembea sokoni kiuno kikiwa kizito. Tukikutana ananitazama viatu kwanza, ndipo anasalimia.