Ng'ambo ya Daraja la Gathogo

Wangeci, mfuma sweta wa Dandora, hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Lakini Jumapili ile ya mwaka wa themanini na moja, Thuo, mchumba wa bintiye Lydiah, alipotaja alikozaliwa, chai ilimpalia.

"Ni kando ya Daraja la Mbari ya Gathogo, mama. Kule Murang'a."

Mbari ya Gathogo! Huo ndio ukoo wa baba yake Wangeci, na daraja lile lilipewa jina lao kwa sababu ardhi ya huku na huko ya mto ilikuwa yao. Wangeci alimzaa Lydiah bila mume, kwa hiyo Lydiah naye alihesabiwa wa ukoo huo huo. Na watu wa mbari moja hawaoani, hilo halina mjadala.

Wiki nzima aliishi roho mkononi. Alifuma sweta ya mikono mitatu, akaifumua kwa hasira. Kila Lydiah alipoimba huku akipiga pasi, mama mtu alitoka nje. Amwambieje?

"Mathe, kwani uko na nini? Ama Thuo hujampenda?"

"Amelelewa vizuri," akajibu. Huo ulikuwa ukweli, na ndio uliomtesa zaidi.

Jumapili iliyofuata Thuo alimleta mamake, Teresiah, mjane mwenye kikapu cha ndizi. Wangeci hakungoja hata mgeni aketi vizuri.

"Mama Thuo, nyinyi ni wa mbari ya Gathogo?"

Teresiah akacheka kicheko kikavu. "Sisi? Sisi tulikuwa ahoi, tukilima kwa hisani yao. Mume wangu alibeba mawe ya daraja lile mpaka mgongo ukapinda. Mashamba yalipopimwa, wazee wao wakatuambia tuvuke, tusirudi. Niliapa sitalikanyaga daraja hilo tena."

Si ndugu! Wangeci alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, akacheka peke yake.

"Sasa tufuate utaratibu," Teresiah akasema. "Mahari ya msichana aliyelelewa na mama hupelekwa kwa babu yake. Yuko hai?"

"Yuko."

"Basi tuyapeleke wapi?"

Wangeci akaiweka birika chini. Lydiah alikuwa bado anatabasamu.

"Ng'ambo ya daraja, Mama Thuo."